Mlima Mkubwa wa Kuumwa Kichwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni jina gani la mlima linalomfaa msafiri kuliko ramani. Kura yangu naipeleka Uchina ya kale: Mlima Mkubwa wa Kuumwa Kichwa, pamoja na mdogo wake, Mlima Mdogo wa Kuumwa Kichwa.

Milima hiyo imetajwa katika Hanshu, historia ya nasaba ya Han. Katika karne ya 1 KK, ofisa Du Qin alimshauri jemadari Wang Feng asitoe watu wa kuwasindikiza kwao wajumbe wa Jibin, nchi ambayo kwa kawaida huwekwa pande za Kashmir na Gandhara. Njia, alisema, hupita kwenye milima hiyo miwili, kisha miteremko ya Udongo Mwekundu na Joto la Mwili. Huko mtu hupandwa na joto, uso humpauka, kichwa humwanga, akatapika. Punda na ng'ombe nao ni vivyo hivyo.

Punda ndio walionishawishi. Binadamu anaweza kuugua kwa hofu tu ya kusikia jina. Punda hajui anapita mlima gani. Ni kweli Du Qin alikuwa na hoja ya kushinda, na wanasiasa hutia chumvi. Hata hilo joto nina shaka nalo, maana homa si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko. Ila kichwa na kutapika ndivyo vinavyowapata watu hadi leo wakipanda haraka kupita mita 2,500.

Tena jina hilo halijifanyi kujua sababu. Kule Andes ugonjwa uliitwa soroche, ambalo ni jina la madini pia, kwa kuwa watu waliamini mvuke wa madini ndio unaodhuru. Mjesuiti José de Acosta, aliyeugua vibaya kwenye njia ya Pariacaca nchini Peru, aliandika mwaka 1590 kwamba hewa ya huko ni nyembamba mno kwa pumzi ya mwanadamu. Alikaribia sana. Mfaransa Paul Bert ndiye aliyekata shauri mwaka 1878: mgandamizo wa hewa ukishuka, kila pumzi huingiza oksijeni kidogo.

Kilimanjaro kwetu kuna kambi iitwayo Barafu, na msafiri akisikia hivyo hubeba koti. Habari ya kichwa waongoza watalii hulazimika kuiuliza wenyewe, kila jioni, hema kwa hema.

Msomaji, Moshi