Anayetajwa na anayeachwa: kwa wanaoanza kutayarisha tuzo za televisheni

Wadogo zangu mnaotoka vyuoni hapa Mwanza mkitamani kutayarisha tuzo na vipindi maalumu, kwenye kikao cha kwanza huwa mnauliza taa ni ngapi, skrini ina ukubwa gani na msanii gani atafunga shoo. Hayo yana umuhimu wake. Lakini mama aliyekaa sebuleni kwake Nyakato au Sengerema anasubiri sura ya mtu anaposikia jina lake, na sura ya jirani yake ambaye hakutajwa. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, na hapo hakuna kurudia.

Kwa hiyo anza na viti. Wateule wakae karibu na njia, wasibanwe katikati ya safu wakalazimika kuruka magoti ya watu. Mwongozaji awe na ramani ya viti yenye picha za wateule, maana mpiga picha hawezi kumtafuta mtu asiyemjua bahasha ikiwa imeshafunguliwa. Kama kamera hazitoshi, kaeni na wenye ukumbi mapema, wateule wawili wakae meza moja ili waingie kwenye picha moja. Majina nayo: Kisukuma, Kikerewe, Kihaya, Kijita. Muulize mwenye jina linatamkwaje, kisha mshereheshaji alisome kwa sauti siku ya mazoezi. Familia iliyosafiri kutoka Ukerewe kuja kusikia jina la mtoto wao inastahili kulisikia sawasawa.

Bahasha msizidharau. Kwenye Oscar za Februari 2017 kulikuwa na seti mbili, moja kila upande wa jukwaa. Waliokuja kutangaza filamu bora wakakabidhiwa bahasha ya akiba ya mwigizaji bora wa kike, kipengele kilichokuwa kimeshapita. Ikatajwa filamu isiyoshinda, na watu wake wakawa tayari wanatoa shukrani kabla kosa halijasahihishwa. Ukiwa na seti mbili, bahasha ikishatumika upande huu, pacha wake wa upande wa pili aondolewe papo hapo.

Jicho la kazi hii mnaweza kulipata bila ukumbi wa kifahari. Nendeni Bujora, Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa kushindana, na anayevuta watu wengi ndiye anayeshinda. Mgeni wa kamera huelekeza lenzi zote kwa wachezaji. Anapata majembe ya bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe, yakirushwa na kudakwa, picha nzuri kabisa, ila shindano lenyewe limempita. Weka kamera moja juu, ionyeshe umati unavyohama kutoka kwa hawa kwenda kwa wale. Nyingine iingie katikati ya watazamaji, isubiri uso wa yule anayesita aende wapi. Mimi namwamini zaidi kijana aliyerekodi ngoma hiyo mchana kutwa juani kuliko anayenionyesha orodha ya vifaa.

Kuhusu muda, mgeni rasmi akichelewa matangazo ya mubashara hayamsubiri. Kubalianeni na watu wake wa itifaki mapema, kwa maandishi, na muwe na burudani ya akiba. Mwaka 1998 Pavarotti, mwimbaji wa opera aliyetarajiwa kuimba kwenye tuzo za muziki za Grammy, aliugua siku yenyewe. Mtayarishaji Ken Ehrlich alijua kuwa mwimbaji Aretha Franklin alikuwa ameuimba wimbo uleule wa opera aliopangiwa Pavarotti siku chache tu kabla, akamwomba, naye akapanda jukwaani usiku uleule. Wajue wasanii wako kwa kiwango hicho. Na muda ukibana, punguza maneno ya mshereheshaji. Mzee anayepokea tuzo ya heshima mwachie dakika zake.

Jukwaa la ufukweni lina yake: upepo unaovuma kwenye maikrofoni, na vidudu vya ziwani vinavyofuata taa. Nenda kalitazame usiku, saa ileile ya shoo.

Mkipata nafasi ya kujitolea, ombeni kazi ya kuketisha wateule. Wenzenu watakimbilia kamera, ila ninyi mtawajua wote kwa majina na sura, na mwongozaji atawatafuta ninyi kila kipengele kinapokaribia.