Re: Temperecha inapanda nikiwa kwenye barafu ngumu

Mkuu, umesema kwenye theluji laini geji ya temperecha ya pikipiki yako ya theluji inakaa nyuzi 55 ila ukiingia njia ya barafu ngumu inaruka mpaka 90, hapo kwanza ondoa wasiwasi kuhusu wota pampu. Pikipiki nyingi za theluji za kupozwa kwa maji hazitegemei rejeta yenye feni kama gari, kulanti (maji ya kupoza injini) inapita kwenye mabomba ya aluminiamu chini ya tanel, ile sehemu ya bodi inayofunika mkanda kwa juu, na ule mkanda mpana unaoisukuma pikipiki unapozunguka unarusha theluji juu yake, ndiyo inayobeba joto, sasa kwenye barafu mkanda unarusha nini? Hakuna kitu, joto linabaki humo humo.

Funga skrecha za barafu, zile waya zinazoburuzwa chini kukwangua vumbi la barafu, zinasaidia kweli kweli. Ukiwa huna, toka pembeni kwenye theluji laini dakika chache utaona inashuka. Taa ya onyo ikiwaka simama, usilazimishe!

Ila kama hata kwenye theluji nyingi haishuki, hiyo ni habari nyingine, angalia level ya kulanti, hewa iliyonasa ndani na themostati.

Na tafadhali sana usivute mafuta kwa nguvu injini ikiwa bado baridi, hasa kama ni ya tu-stroki (mipigo miwili), pistoni inatanuka haraka kuliko silinda na injini inajam. Mi nasubiri mpaka ifike kama 40 hivi ndo naondoka.