Wasomaji wauliza: Tini za uani katika ardhi ya Dodoma

Barua na ujumbe kuhusu mtini zimekuwa nyingi kutoka Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa na Manyoni. Tumechagua maswali yanayojirudia. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Habari za kazi. Mtini wangu una miaka mitatu, umechanua vizuri na unazaa sana. Tatizo ni kwamba kila Januari na Februari tini zinachachuka zikiwa bado mtini, zinatoa povu kitakoni na kunuka kama pombe. Majani nayo yanapata madoa ya rangi ya kutu na kupukutika. Nipulizie dawa gani? (Msomaji, Nkuhungu)

Kabla ya kwenda duka la pembejeo, tazama kalenda. Mti wako hauna kosa, unazaa mwezi mbaya. Tini ina kitundu kitakoni, na inapoiva kitundu hicho hulegea. Mvua ikinyesha maji huingia, vinzi vidogo na vibawakavu huingia na hamira miguuni, na sukari iliyomo ndani hugeuka pombe kisha siki. Dawa ya kunyunyiza juu ya ganda haifiki huko ndani. Na tunda ambalo lingeliwa kesho halifai kupuliziwa sumu leo.

Dodoma inakupa kitu ambacho mtu wa Tanga au Bukoba hana: kiangazi kirefu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Kuanzia hapo hewa ni kavu mpaka mwaka unaelekea kwisha. Tini huchukua miezi mitatu hadi minne tangu kichomoze kitunda kwenye kwapa la jani mpaka kuiva. Kwa hiyo lengo ni kuufanya mti utoe matawi mapya baada ya mvua ili matunda yaive Septemba hadi mapema Novemba. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo wanaielewa hesabu hii vizuri, maana nao huuamuru mzabibu kwa mkasi.

Fanya hivi. Katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni, ardhi ikiwa bado na unyevu, pogolea. Acha matawi makuu matatu hadi matano yaliyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Kila tawi la msimu uliopita likate ubakize macho mawili au matatu, mkato uwe wa mshazari juu kidogo ya jicho. Ondoa machipukizi yote yanayotoka shinani na matawi yanayosuguana. Usiogope kukata, kwani tini za zao kuu hutoka kwenye tawi jipya, kila jani na kitunda chake. Tawi lisilokatwa huendelea kurefuka na kuzaa nchani tu, mahali ambapo wewe hufiki na ndege wanafika.

Siku hiyo hiyo weka debe mbili za samadi iliyooza kabisa, ukizisambaza chini ya kivuli cha matawi, mbali na shina kwa hatua moja. Tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga kwa unene wa kiganja, kisha anza kumwagilia. Juni na Julai, usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 13, kwa hiyo mti utachelewa kuamka. Uvumilie, usiongeze mbolea ukidhani una njaa. Tawi jipya likifikisha majani matano au sita, bana ncha yake kwa kidole, litaacha kurefuka na kushughulika na matunda.

Ukipogoa shina likabaki wazi, lipake chokaa iliyoyeyushwa kwa maji. Jua la Septemba na Oktoba hubabua gome la upande wa magharibi, na kidonda hicho ndicho mlango wa vijidudu vinavyotoboa mti.

Madoa ya kutu ni ugonjwa wa ukungu wa msimu wa mvua. Fagia majani yaliyoanguka uyachome, mwagilia chini ya mti badala ya juu ya majani, na uache nafasi ya upepo kupita katikati ya matawi. Ukitaka kupuliza, dawa ya shaba mwanzoni mwa mvua, kabla madoa hayajaonekana, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Majani yakishapukutika Machi, pesa ya dawa ni hasara tu. Matunda yatakayotoka wakati wa mvua yachume kila asubuhi, au yapunguze yakiwa madogo ili mti usijichoshe.

Tulichuma tini zikiwa ngumu tukazivundika ndani ya unga kama maembe. Zimelainika lakini hazina utamu, ni kama kula tango, tena zinawasha mdomo. Je, mbegu hii ni mbaya? (Msomaji, Kikuyu)

Mbegu haina kosa. Tini haivundikwi. Embe, ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, lakini tini ikikatwa kabla ya wakati hulainika na kunyauka tu, utamu hauongezeki. Kinachowasha mdomo ni utomvu mweupe, ambao bado ulikuwa umejaa kwenye tunda na kikonyo chake. Una kimeng'enya kinachokula protini, ndiyo maana ulimi unachonyota.

Kinachowachanganya wengi ni jinsi tini inavyokua. Kwanza hukua haraka mpaka ukubwa wa ndimu ndogo. Kisha husimama. Wiki nne, pengine zaidi, haionekani kubadilika, ngumu na kijani vile vile. Hapo ndipo mtu hukata tamaa na kuichuma. Subiri. Ghafla, ndani ya siku chache, hufura karibu mara mbili, rangi hubadilika na sukari huingia kwa wingi. Sehemu kubwa ya ladha yote hupatikana katika siku hizo za mwisho, na ukiwahi kwa siku mbili umeikosa.

Dalili za kuangalia ni hizi, na rangi peke yake haitoshi kwa sababu zipo aina zinazobaki kijani mpaka mwisho. Shingo hulegea na tunda lililokuwa limesimama mshazari huning'inia likitazama chini. Ukilibonyeza taratibu kwa kidole gumba linabonyea kama ndewe ya sikio. Ganda hupata michirizi myembamba myeupe. Wakati mwingine tone linalong'aa kama asali hutokea kitakoni. Linyanyue juu kidogo kwa kikonyo: likiachia lenyewe, limeiva. Likitoa maziwa meupe kwenye mkato, ulipaswa kusubiri.

Kuhusu kuonja: chuma asubuhi, lakini usile likiwa baridi la friji, baridi hufunga harufu. Lipasue mara mbili kwa mikono uangalie ndani. Nyama ya rangi ya kahawia ya asali, kama ya aina ya Kadota yenye ganda la kijani-njano, huwa na utamu laini usio na ukali. Nyama nyekundu huwa na uchachu kidogo unaokumbusha zambarau. Brown Turkey, yenye ganda la kahawia na nyama ya waridi, ni tamu ya wastani na inazaa sana. Black Mission, nyeusi, ina ladha nzito zaidi. Kwa maoni yetu, mwenye nafasi ya mti mmoja tu achague nyeusi. Mwenye haraka ya kula achague Brown Turkey. Mti uliolowekwa maji siku mbili kabla ya kuchuma hutoa tini kubwa, nzuri kwa picha na hafifu mdomoni.

Nilipewa matawi ya mtini nikayachomeka ardhini, mchwa wakayamaliza. Nifanyeje safari hii? (Msomaji, Kongwa)

Usiyapeleke moja kwa moja ardhini. Yakuze kwanza kwenye viriba au makopo yaliyotobolewa chini, ukiyaweka juu ya matofali au kichanja, mchwa hawatayafikia kirahisi.

Chukua pingili za tawi lililokomaa la mwaka mmoja, lenye rangi ya kijivu, nene kama kidole cha shahada au kalamu, urefu wa sentimita 20 hadi 25 na macho yasiyopungua manne. Wakati mzuri ni ule ule wa kupogoa. Kata chini ya jicho kwa unyoofu na juu kwa mshazari, usije ukapanda kichwa chini. Ziache kivulini siku moja mpaka utomvu ukauke. Mchanganyiko wa udongo: ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga mnene wa korongoni, nusu ya samadi iliyooza. Zamisha theluthi mbili ya pingili, shindilia kwa vidole, mwagilia mara moja, weka kivulini.

Hapo ndipo wengi huharibu: wanamwagilia kila siku kama mchicha. Pingili isiyo na mizizi hainywi maji, inaoza. Chomeka kidole, na mwagilia tu udongo ukikauka mpaka kiungo cha kwanza cha kidole. Majani mawili ya mwanzo yasikufurahishe, hutokana na akiba ya tawi lenyewe. Mizizi huja kati ya wiki ya nne na ya nane. Ukivuta kidogo ikagoma kutoka, imeshika.

Hamishia shambani mche ukiwa na sentimita 40 au zaidi, mwanzoni mwa mvua. Shimo sentimita 60 kila upande, debe mbili za samadi zichanganywe na udongo wa juu. Samadi mbichi ni karamu ya mchwa, na matandazo yanayogusa shina ni njia yao, kwa hiyo acha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Nafasi kati ya mti na mti ni mita 4 hadi 5, na umbali kama huo kutoka kwenye msingi wa nyumba, shimo la choo na bomba la maji. Mizizi ya mtini hufuata unyevu bila aibu. Tini za kwanza utaziona mwaka wa pili, za kugawia majirani kuanzia wa tatu.

Mwenye ua mdogo anaweza kupanda kwenye pipa lililokatwa nusu. Mizizi ikibanwa mti huwa mfupi na huzaa mapema, ila kiangazi utamwagilia kila baada ya siku moja.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Mtini utayavumilia? Na ni ndoo ngapi? (Msomaji, Manyoni)

Mtini huvumilia chumvi kuliko parachichi au mchungwa. Kingo za majani zikianza kuungua, ujue chumvi imejikusanya. Mwagilia mara chache kwa maji mengi badala ya kidogo kidogo kila jioni, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua za masika zitaisafisha iliyobaki.

Mche wa mwaka wa kwanza: ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Mti wa miaka mitatu: ndoo mbili kwa wiki, tatu matunda yanapofura. Muhimu zaidi ni kutokuyumba. Mti uliosahaulika wiki tatu hudondosha vitunda. Ukiufurikisha ghafla ili kuufidia, tini zinazokaribia kuiva hupasuka.

Mtini wangu umedumaa mahali palipokuwa na tuta la nyanya. (Msomaji, Chamwino)

Fukua mizizi michache. Ukiona vinundu kama shanga, hao ni minyoo fundo, wanaopenda udongo wa kichanga na hubaki ardhini baada ya nyanya, bamia na bilinganya. Mti mkubwa huishi nao ukipewa samadi na matandazo ya kutosha. Mche mdogo ung'oe, uanze na mpya mahali pengine, na usiuhamishe na udongo wake.

Tuna mkuyu mkubwa jirani. Nyigu wake watasaidia mtini kuzaa? (Msomaji, Msalato)

Hapana. Mkuyu na mtini ni ndugu, lakini kila mmoja ana nyigu wake. Aina za nyumbani tulizotaja huzaa bila nyigu wala uchavushaji, kwa hiyo hutakuta mdudu ndani kama kwenye kuyu. Epuka tu aina za Smyrna, ambazo bila nyigu wake hudondosha matunda yote yakiwa madogo.

Baada ya kupogoa, mikono iliniwasha, ikatoka malengelenge, sasa ina mabaka meusi. (Mama msomaji, Ipagala)

Pole sana mama. Utomvu wa mtini ukikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, ngozi huungua. Vaa glavu na mikono mirefu, pogoa jioni, nawa kwa sabuni mara moja. Mabaka hufifia yenyewe kwa wiki au miezi, usiyasugue kwa ndimu, itazidisha. Malengelenge yakiwa makubwa au utomvu ukiingia machoni, nenda kituo cha afya.

Kuzumburu mchana, popo usiku. Nimechoka. (Msomaji, Kisasa)

Kata chandarua chakavu utengeneze vifuko vya sentimita 15 kwa 20, funga kila tunda mara linapoanza kufura, si kabla. Tumia chandarua kisicho na dawa. Vifuko vya nailoni vya dukani havifai, huhifadhi joto na tini huchachukia ndani.

Zinaiva nyingi kwa pamoja. Tuzihifadhije? (Msomaji, Mpwapwa)

Mezani hazipiti siku mbili. Kwenye friji, zikipangwa safu moja bila kuoshwa, hukaa kama wiki.

Kwa jamu: kilo 1 ya tini zilizokatwa vipande vinne, sukari gramu 500, maji ya ndimu vijiko vikubwa 4. Ndimu si ya ladha tu. Tini ina uchachu mdogo, na bila hiyo jamu haikai salama. Changanya, acha saa mbili zitoe maji, kisha chemsha moto wa wastani dakika 35 hadi 45 ukikoroga mpaka tone likiwekwa kwenye sahani baridi lisitiririke. Jaza kwenye chupa zilizochemshwa, ikiwa bado ya moto.

Kukausha ndiko hewa ya Dodoma inakokubeba. Pasua mara mbili, panga mkato ukitazama juu kwenye fremu ya wavu, funika kwa chandarua, anua kila jioni kabla ya umande. Oktoba huchukua siku tatu hadi tano. Zimekauka zikikunjika kama ngozi bila kutoa maji ukizibana. Ziweke kwenye friza siku mbili ili mayai ya wadudu yafe, ndipo uzifunge kwenye chupa. Baada ya wiki moja fungua uangalie: ukiona matone ya unyevu kwenye kioo, zirudishe juani siku nyingine moja.