Kufua Si Kazi, Kazi Kukausha: Maswali Yenu Kuhusu Nguo Melini

Barua za mwezi huu zimetufikia kutoka kwa watu wanaojiandaa kusafiri kwa meli za utalii, pamoja na kijana mmoja anayekwenda kufanya kazi humo. Wote wana swali lile lile: nguo zikichafuka katikati ya bahari, zitafuliwa wapi na zitaanikwa wapi?

Tuko wanne, mimi na mume wangu na watoto wawili. Tunakwenda siku kumi Bahari ya Karibi na sitaki kubeba masanduku sita. Kila meli ina chumba cha kufulia abiria? Ni bei gani? – Mama Zuhura, Minneapolis

Si kila meli, Mama Zuhura, na ukubwa wa meli hauna uhusiano na jambo hili. Royal Caribbean wana meli kubwa kuliko zote duniani, lakini hawana mashine za abiria kujifulia. MSC na Celebrity nao hawana. Carnival wanazo katika meli zao nyingi, Disney na Princess pia, na kwao unalipia. Cunard na meli za baharini za Viking hawatozi kitu. Kabla ya kulipa nauli, fungua ramani ya deki za meli yako kwenye tovuti ya kampuni utafute chumba cha kufulia. Usiishie kwenye jina la kampuni, kwa sababu meli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Zilizo na mashine za kulipia hutoza kati ya dola 3 na 5 hivi kwa kufua, na kiasi kama hicho kwa kukausha. Sarafu zimeshaondoka sehemu nyingi, siku hizi unagusisha kadi ya chumba na deni linaingia kwenye hesabu yako. Njia nyingine ni dobi wa meli, ambaye hutoza kwa kipande. Ukimpa fulana na soksi za watoto utalia siku ya kulipa. Ila katikati ya safari meli nyingi hutangaza ofa ya mfuko: unajaza mfuko mmoja wa karatasi au plastiki kwa bei moja, mara nyingi kati ya dola 20 na 40. Hapo kunja nguo za ndani, soksi na fulana ziwe kama sigara, uzipange zimesimama. Mfuko utameza mara mbili ya unavyodhani. Lakini soma masharti, maana kwa kawaida ofa hiyo ni kufua na kukunja tu, pasi haimo, na nguo zote huingia mashine moja kwa joto moja. Nguo ya sufu au hariri isiingie humo.

Kwa siku kumi, familia ya watu wanne inatosheka na nguo za siku tano na kufua mara moja, siku ya tano au ya sita. Nenda meli ikiwa bandarini, watu wameshuka, au alfajiri. Siku ya bahari tupu, mchana, utakuta foleni na nyuso zilizokunjamana. Beba sabuni yako, kwa sababu vipakiti vya kwenye mashine ya kuuzia ni ghali na huisha.

Sasa jambo linaloharibu nguo nyingi kuliko uchafu wenyewe, yaani sabuni kupita kiasi. Maji ya melini kwa sehemu kubwa hutengenezwa humo humo kutokana na maji ya bahari, kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke wake au kwa kuyasukuma kwa nguvu kwenye vichujio. Yanakuwa laini, na katika maji laini sabuni hutoka povu upesi. Ukipima kama ulivyozoea nyumbani, povu linajaa ngoma, mashine inashindwa kusuuza, na nguo zinatoka ngumu na kuwasha mwili. Vijiko viwili vya kulia vya sabuni ya maji, yaani mililita 30, vinatosha mashine nzima. Ngoma ijae robo tatu tu, mkono wako uweze kupita juu ya nguo.

Kuna na madoa ya rangi ya chungwa kwenye kola za fulana za watoto. Watu hudhani ni kutu ya mashine. Mengi hutokana na mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo hushikana na chembe za chuma zilizomo majini. Ukimwaga jiki yanazidi kukolea. Sugua kwanza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili mafuta yatoke, kisha paka maji ya limau, acha nusu saa, halafu fua. Na kabla ya kuwasha mashine ya kukaushia, vuta chujio lake utoe manyoya ya nguo za mwenzio aliyetangulia. Chujio likiziba, nguo zitazunguka saa nzima na kutoka mbichi. Isitoshe, manyoya hayo yanashika moto kama pamba.

Assalaam alaykum. Tutapanda meli ya MSC kutoka Dubai, usiku saba. Nimeambiwa haina mashine za abiria. Nataka kujifulia chumbani, lakini chumba chetu ni cha ndani, hakina hata dirisha. Nguo zitakauka kweli? – S.H., Muscat

Waalaykumu ssalaam, ndugu. Zitakauka, ukichagua nguo za kufua. Hilo la dirisha lisikusumbue, kwa sababu kinachokausha nguo chumbani ni kiyoyozi, ambacho hukamua unyevu hewani usiku na mchana. Wenye roshani ndio hujiharibia: wanaacha mlango wazi, hewa ya bahari inaingia, na katika meli nyingi kiyoyozi hujizima mlango ukiwa wazi. Asubuhi shati liko vile vile.

Toka nyumbani na kizibo bapa cha mpira, kwani vizibo vya sinki za melini mara nyingi havishiki maji vizuri. Beba pia kichupa cha sabuni ya maji kisichozidi mililita 100, au kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ya mche haimwagiki sandukuni, na kwa kola na makwapa hakuna inayoishinda. Sabuni ya unga iache. Kwenye maji ya baridi haiyeyuki yote, na chembe zake hubaki kwenye mishono.

Jaza sinki maji ya uvuguvugu, yapata lita nne, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni, na ukoroge kabla nguo hazijaingia. Fua vipande viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Loweka dakika 15, fikicha kola, makwapa na pindo, mwaga, kisha suuza mara mbili. Kama maji ya pili bado yanateleza vidoleni, suuza tena. Usiondoke bomba likiwa wazi hata kwa dakika. Meli ikiyumba, maji yanavuka ukingo wa sinki na kuingia kwenye zulia la chumba.

Halafu ukamuaji, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Kusokota peke yake hakutoshi na kunavuta nguo ipoteze umbo. Kamua kwa kubana, tandika taulo kavu kitandani juu ya taulo jingine, laza nguo juu yake, uvikunje pamoja kama mkeka, kisha uviweke sakafuni na kupanda juu yake kwa magoti au nyayo, ukisogea kutoka ncha hadi ncha kwa dakika moja. Taulo litatoka zito na nguo nyepesi. Shati lililopita kwenye taulo hukauka kwa nusu ya muda wa lile lililosokotwa tu. Mhudumu wa chumba atakuletea taulo jingine.

Bafuni kuna kamba inayovutwa kutoka kwenye kiduara cha chuma ukutani na kunasishwa upande wa pili. Ni ya nguo nyepesi. Ukiitundika jinzi mbichi, inalegea au inang'oka. Tumia viango vya kabatini, acha vidole vinne kati ya nguo na nguo, funga kifungo cha juu ili shati lisilale upande mmoja. Mlango wa bafu uache wazi kiasi cha shubiri. Dari la bafu lina tundu linalovuta hewa muda wote, hivyo hewa kavu ya chumbani itapita katikati ya nguo zako ikielekea huko. Ukiufunga, tundu halipati hewa ya kutosha ya kuvuta.

Nguo nyembamba za nailoni au poliesta hukauka kwa saa sita au nane. Fulana nyepesi ya pamba huchukua usiku kucha, wakati mwingine mpaka adhuhuri. Jinzi siku mbili, na kabla hazijaisha imeshashika uvundo, kwa kuwa vijidudu hufanya sherehe katika unyevu wa muda mrefu. Kwa hiyo jinzi ipe dobi au irudi nyumbani chafu. Kujua kama nguo imekauka, weka mshono wa kola shavuni. Ukihisi ubaridi, bado.

Mambo mawili ya kuangalia. Usitundike kiango kwenye kile kichwa kidogo cha chuma kilichochomoza darini. Hicho ni cha kunyunyizia maji ya kuzima moto, ndani yake mna kichupa cha kioo, na kikivunjika maji hayasimami mpaka mafundi wayafunge. Pili, nguo za kuogelea zilizotoka baharini zisuuze maji matamu siku hiyo hiyo. Chumvi huvuta unyevu hewani, na nguo yenye chumvi haikauki kabisa hata uianike wiki.

Wanangu, mtoto wangu wa London amenikatia tiketi ya Queen Mary 2, Southampton mpaka New York. Mimi sivai kitu bila kanga. Nikizitia kwenye mashine za wazungu zitatoa rangi? Na kanzu ya mzee je? – Bibi wa Kibokoni, Mombasa

Shikamoo Bibi. Safari hiyo huchukua siku saba, na meli ina vyumba vya kufulia abiria bure, hivyo uko pazuri. Tatizo ni kanga mpya. Usiende na doti ambayo haijaonja maji. Ziloweke nyumbani kwa maji baridi ili wanga wa kiwandani utoke, kisha uzifue mara mbili au tatu kila moja peke yake, hasa nyekundu na nyeusi, mpaka maji yatoke meupe. Chumvi na siki wanazosifia watu haziishikishi rangi ya pamba ya viwanda vya leo. Kinachoponya ni kuitoa rangi ya ziada mapema. Melini tumia maji baridi, mzigo wa kanga tupu, na utie kitambaa cheupe kikuukuu. Kikitoka na rangi, utajua mzigo ujao usichanganye na nguo ya mtu.

Mashine ya kukaushia iweke joto la chini au uikwepe kabisa. Pamba ikipikwa hurudi, na pindo hujikunja. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi na ni nyembamba: itandaze juu ya kamba ya bafuni kwa tabaka moja, asubuhi unajifunga.

Kanzu ya mzee ifuliwe peke yake, itolewe mashineni ikiwa bado na unyevu kidogo, na ipigwe pasi pale pale kwenye chumba cha kufulia, ambako pasi na ubao vipo. Kanzu ya pamba ikikauka kabisa kabla ya pasi, itamsumbua. Meli za Cunard zina usiku wa mavazi rasmi, na alasiri yake ubao wa pasi hugombewa, hivyo mpigie mzee pasi kanzu yake asubuhi. Kofia ya vito isiingie mashine kamwe.

Pasi yangu ndogo ya mvuke ilichukuliwa nilipopanda meli, nikarudishiwa siku ya kushuka. Na mhudumu alikuja kunikataza kuanika taulo roshani. Ni ukali tu au kuna sababu? – K., Toronto

Sababu ni moto. Pasi iliyosahauliwa juu ya kitanda, katika chombo ambacho abiria hawana pa kukimbilia ila maboti, haivumiliki. Ndiyo maana hata pasi ya mvuke huzuiwa. Na kuhusu roshani, Machi 2006 meli ya Star Princess ilishika moto ikielekea Jamaika. Uchunguzi ulitaja kipande cha sigara kilichotupwa kuwa chanzo kinachoelekea zaidi, moto ukaruka kutoka roshani hadi roshani, na abiria mmoja alifariki. Baada ya hapo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliongezewa masharti kuhusu moto kwenye roshani za vyumba. Taulo lako kwenye ukingo linaweza kupokea kipande cha sigara kutoka juu, au kupeperushwa mpaka roshani ya mwingine.

Mikunjo je? Lowesha shati kwa kunyunyiza maji, livute kwa mikono, litundike bafuni wakati unaoga maji ya moto. Kwa poliesta na sufu nyepesi inafaa. Kwa pamba nzito usijidanganye, mpe dobi alipige pasi.

Nimepata kazi ya jikoni kwenye meli ya utalii, mkataba wa miezi minane. Nguo zetu wafanyakazi zinafuliwa na nani? – Kijana wa Kilifi

Hongera, mdogo wetu. Sare za kazi kwa kawaida hufuliwa na dobi wa meli: unapeleka chafu, unachukua safi. Nguo zako binafsi ni juu yako, kwenye mashine za wafanyakazi deki za chini. Nunua mfuko wa wavu wenye zipu kwa ajili ya soksi na chupi, na andika namba yako kwa wino usiofutika ndani ya kila kola. Nguo zisizo na alama huhama zenyewe. Jikoni kuna mafuta, kwa hiyo fulana iliyolowa mafuta ya kupikia usiitie mashine ya kukaushia kabla mafuta hayajatoka yote. Nguo yenye mafuta ikirundikwa ya moto inaweza kujiwasha yenyewe.

Beba jozi kumi za soksi nyeusi, maana miguu yako itakaa ndani ya viatu tangu alfajiri. Chumba mtakilala wawili au zaidi, usikigeuze uwanja wa kuanikia. Kuhusu muda, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakupa angalau saa 10 za mapumziko katika kila 24, na zinaweza kugawanywa vipande viwili, kimoja kisipungue saa sita. Kile kirefu kilalie. Kifupi ndicho cha kufulia, na ukiwasha mashine weka kengele ya simu, kwa sababu ikisimama na wewe haupo, nguo zako utazikuta juu ya meza zikichuruzika na mwenzio ameshatia zake.