Mwarobaini uko mlangoni, sumu ya nini?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tunawadhibitije wadudu wa bustani bila sumu za dukani. Nina matuta sita ya sukuma wiki, mchicha na nyanya nyuma ya nyumba hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilianza kwa kukosea.

Mwaka wa kwanza vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, waliivamia sukuma. Nikanunua dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, haisemi tusubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Siku ya tatu vidukari kwisha. Wiki ya tatu wamerudi wengi kuliko mwanzo, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, wanaowala vidukari, sikuwaona tena. Nilikuwa nimewamaliza walinzi wangu mwenyewe.

Sasa natumia mwarobaini, mti usiokosekana mtaani kwetu. Majani yanafaa, ila nguvu hasa iko kwenye kokwa. Naokota matunda yaliyodondoka, naosha nyama yake, naanika mbegu kivulini, nabangua, natwanga. Nusu kilo ya unga kwa lita 10 za maji. Naloweka jioni, jioni ya pili nachuja kwa kanga kuukuu na kutia sabuni kidogo ili dawa ishike jani. Napuliza jua likishazama, maana jua huiua nguvu yake upesi, na nalenga chini ya majani wanakojificha. Usitegemee kukuta mizoga asubuhi. Mdudu anaacha kula, akiwa mchanga anashindwa kujivua gamba, anaisha taratibu. Wengi wanapuliza mara moja, wanasema haifanyi kazi. Mimi narudia kila baada ya siku saba.

Kiangazi anakuja utitiri mwekundu. Joto, ukavu na vumbi letu la Dodoma vinamnenepesha. Jani linaingia vidoadoa vya njano, ukiligeuza unakuta utando kama wa buibui. Huyo namwosha kwa maji tu, chini ya jani, kwa nguvu, asubuhi tatu mfululizo. (Maji yenyewe ya mgao, kwa hiyo natumia yaliyosuuzia mboga.)

Jirani alinishauri niloweke tumbaku. Nikakataa. Nikotini ni sumu hata kwa mtu, na tumbaku inaweza kuhamishia virusi kwenye nyanya. Si kila kitokacho shambani ni salama.

Kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, huyo sijamweza kabisa. Kila asubuhi nageuza majani ya nyanya, lenye mapito meupe yaliyochorwachorwa nalichuma na kulifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo inashinda juani. Msimu uliopita, kati ya miche 40, 31 ilizaa vizuri. Mama mkwe anasema tisa ni mingi kupoteza. Lakini kachumbari anachuma mwenyewe, na nyanya ya kwanza anaila palepale tutani.