Uhakiki wa riwaya za vijana si jibu la mtihani

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kila ukihakiki riwaya ya vijana, iwe ya fantasia au ya maisha ya kawaida, rafiki zako wanasema umeandika jibu la mtihani wa kidato cha nne. Nimeusoma ule uliouweka hapa. Jicho unalo. Ila umeanza na dhamira, ukaja ujumbe, ukamalizia na falsafa ya mwandishi, na mpaka nukta ya mwisho sijajua kama kitabu kilikukesha au kilikulaza.

Mpangilio ule wa fani na maudhui ni wa mtahiniwa na msahihishaji, ambao wote wameshakisoma kitabu. Anayesoma uhakiki wako hajakisoma. Anataka kujua kama atoe hela yake na usiku wake kadhaa, au aache.

Nakaa Temeke, na Jumamosi huwa nasoma na vijana wa sekondari wa mtaani kwetu. Uhakiki wangu mwingi unatokana na ubishi wao. Kwenye fantasia swali langu la kwanza ni hili: nguvu za ajabu zinamgharimu nini anayezitumia? Zikiwa za bure, hofu inakufa, maana shujaa akibanwa anapewa nguvu nyingine na safari inaendelea. Shaaban Robert alilijua hilo zamani. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili, anayewapenda, ndiye anayelazimika kuwachapa kila usiku. Majini yamo, maajabu yamo, lakini kinachokushika ni mjeledi ulio mkononi mwa mtu asiyetaka kuushika.

Chukua na Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Sunny ana miaka 12, amezaliwa New York, anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Mpira anaupenda lakini jua linamnyima uwanja wa mchana. Anagundua kuwa ana asili ya watu wenye nguvu za siri, na kwao mtu akijifunza jambo, fedha zinamdondokea papo hapo. Vijana walishangilia sana hapo. Walipofika pale Sunny anapoanza kulihimili jua baada ya kuingizwa katika jamii ile, wakagawanyika. Binti mmoja aliuliza kwa nini asiwe shujaa vilevile alivyo, jua likiendelea kumchoma. Mwenzake akamjibu kwamba angekuwa yeye, angecheza mchana kutwa na asingemuuliza mtu. Nilimwunga mkono binti, na bado nipo upande wake.

Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, swali hilo haliwezi kurukwa. Mhakiki wa London anaweza kulipita; wewe wa Dar huwezi. Na mzazi anayeogopa neno uchawi kwenye kitabu cha mwanawe usimdharau. Mweleze kinachotokea ndani: watoto wale wanamkabili mtu anayeteka watoto wenzao.

Riwaya za maisha ya kawaida mimi nazipima kwa mazungumzo. Je, vijana wanaongea kama vijana, au kama mwalimu wa zamu? Katika The Hate U Give ya Angie Thomas (2017), Starr, wa miaka 16, anashuhudia rafiki yake Khalil akiuawa na polisi. Wengi wanaishia kuandika juu ya polisi wa Marekani, na ni haki yao. Lakini Starr ana lugha ya mtaani kwao na lugha ya shule ya watoto wa matajiri, na kila siku anabadilisha. Mtoto wa Mbagala anayepanda basi la njano kwenda shule ya Kiingereza Mbezi Beach anaijua hali hiyo bila kufundishwa. Mwandikie huyo.

Vitabu vyetu vingi huanguka hapahapa: hadithi inakwenda vizuri, ghafla anatokea shangazi na mawaidha kurasa tatu. Liseme. Sikubaliani kabisa na wanaodai cha Mtanzania kisikosolewe. Kosoa kitabu, mwache mtu. Halafu jifunze kwa Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kile cha Zita na Peter wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Umekisoma ili ufaulu. Kisome tena kana kwamba umekiokota kwenye vitabu vya mtumba Posta, na uandike ulichohisi Manzese ilipokujia mbele ya macho.

Mengine ni mepesi. Mwisho usiumwage. Taja kinafaa umri gani na kwa nini, hasa kama kuna mauaji au mapenzi. Sema ulikipataje, kama ni Maktaba Kuu, dukani au kwa kuazima, maana riwaya ya nje ikiwa mpya ni ghali na kijana wa Tandika hana hela ya kubahatisha.

Ule uhakiki wako uandike upya, uanzie kwenye ukurasa ulioshindwa kuuacha, kisha uuweke hapahapa chini. Nitausoma wote.