Kwa wanaoanza fiziolojia: namna Arthur Guyton alivyotufundisha kufuata damu inayorudi

Mwanafunzi wa udaktari hulisikia jina la Guyton kabla hajawazoea wenzake wa bwenini, kwa kuwa kile kitabu chake kinene cha fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi, hupokezanwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Wengi huishia kulijua kama jina la kitabu tu. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu nimeona, kwanza kwangu mwenyewe na baadaye kwa wanafunzi niliowasaidia kusoma, kwamba anayemjua mtu huyu na namna alivyofikiri hukisoma kitabu chake kwa njia tofauti kabisa.

Katika mtihani wangu wa mdomo niliulizwa ni nini kinachoamua kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika. Nilijibu kwa haraka kwamba ni idadi ya mapigo mara ujazo wa kila pigo, yaani mapigo 70 mara mililita 70, ambayo ni karibu lita 5. Mtahini akauliza: mtu akiwa amepumzika, tukauharakisha moyo wake kwa kifaa cha umeme hadi upige mara 110, je, damu inayosukumwa itaongezeka kwa kiwango hicho hicho? Nikasema itaongezeka. Nilikuwa nimekosea, na kwa siku kadhaa sikuelewa kosa lenyewe, maana hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hesabu ile ilieleza kilichotokea, lakini haikueleza kilichokisababisha. Moyo ukiharakishwa peke yake hupata muda mfupi zaidi wa kujaa, kila pigo hutoa damu kidogo zaidi, na jumla hubadilika kidogo tu, kwa sababu moyo hauwezi kutoa damu ambayo mishipa haijaurudishia.

Hapo ndipo mchango wa Guyton ulipo. Katika miaka ya 1950 alichora mistari miwili katika grafu moja: mmoja unaonyesha uwezo wa moyo kusukuma, mwingine unaonyesha damu inayorudi kutoka mwilini kadiri shinikizo la chemba ya juu ya kulia ya moyo, ambamo damu hiyo huingilia, linavyobadilika. Shinikizo hilo likiwa karibu na 0, damu inayorudi ni takriban lita 5 kwa dakika. Likipanda hadi milimita 7 hivi za zebaki, damu hukoma kurudi. Mistari hiyo inapokutana ndipo moyo hufanyia kazi. Tishu zinazohitaji oksijeni zaidi hulegeza mishipa yao midogo, damu nyingi zaidi hurudi, na moyo wenye afya huipokea na kuipeleka mbele. Kwa njia hiyo hiyo ya kuutazama mwili mzima alionyesha kwamba shinikizo la damu la muda mrefu hutawaliwa hasa na figo kupitia chumvi na maji, na mwaka 1972 yeye pamoja na Thomas Coleman na Harris Granger walichapisha mchoro mkubwa wa mzunguko wote wa damu, wenye mamia ya milinganyo iliyokokotolewa kwa kompyuta.

Mtu huyu hakukusudia kuwa mwanafiziolojia. Alizaliwa Oxford, mji wa jimbo la Mississippi nchini Marekani, mwaka 1919, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1943, na alikuwa akijifunza upasuaji Boston polio ilipompata mwaka 1946 na kumwachia udhaifu wa kudumu katika mguu wa kulia, mkono wa kushoto na mabega. Alipokuwa akiuguzwa Warm Springs, Georgia, alibuni kiti cha magurudumu chenye mota na vifaa vingine vya kuwasaidia waliopooza. Kisha akarudi kwao, katika shule ndogo ya udaktari isiyo na sifa ya Harvard, akaongoza idara ya fiziolojia kuanzia mwaka 1948 hadi 1989, kwanza Oxford na baadaye Jackson. Maelezo aliyowaandalia wanafunzi wake darasani ndiyo yaliyozaa kitabu cha mwaka 1956, na matoleo manane ya kwanza aliyaandika peke yake.

Watu hupenda kusimulia kwamba watoto wake 10 wote walikuwa madaktari. Ni kweli, na ni jambo la kuheshimiwa, lakini mimi huvutiwa zaidi na wanasayansi zaidi ya 150 waliojifunza mikononi mwake, ambao baadhi yao walikuja kuongoza idara zao wenyewe. John Hall, mmoja wa waliolelewa naye, ndiye aliyekiendeleza kitabu pamoja naye na hata baada ya Guyton kufariki mwaka 2003.

Kwa hiyo, andikeni maelezo yenu kana kwamba mnamwandikia mwenzenu atakayekuja mwakani, kwa sababu pale mtakaposhindwa kumweleza ndipo pale ambapo ninyi wenyewe hamjaelewa. Wiki hii chukueni karatasi tupu, mchore ile mistari miwili bila kufungua kitabu, kisha mjiulize mstari wa damu inayorudi utahamia wapi mtu akipoteza lita moja ya damu. Utashuka na kusogea kushoto. Mtakapofika wodini na kumwona nesi akimfungulia dripu mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mkimwangalia mapigo yake yakitulia na viganja vyake vikianza kupata joto, mtajua kwamba mstari ule unarudi kulia.